Jinsi ya Kueleza Tabia Njema ya Mtu: Kuchagua Neno Linalomstahili

Ziko nyakati nyingi ambapo mtu hulazimika kueleza tabia njema ya mwenzake. Mwalimu hujaza taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi, mwajiri huandika barua ya kumtambulisha mfanyakazi aliyemaliza mkataba, jirani huulizwa na watu waliotumwa kuchunguza kabla ya posa kupelekwa, na mwanafamilia mmoja hupewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu usiku wa kuamkia mazishi. Katika nyakati zote hizo maneno yanayotangulia kuja mdomoni ni yale yale: mzuri, mpole, mchapakazi, mwenye heshima. Maneno hayo si mabaya, ila yametumika mpaka yakachoka, na msomaji mzoefu huyapitia bila kumwona mtu yeyote nyuma yake. Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya aina hii, na kila moja lina mahali pake, umri wake na hata mwelekeo wake, kiasi kwamba neno linalompamba mtoto laweza kumdhalilisha mzee likitumika bila kufikiri.

Kitendo kwanza, neno baadaye

Kabla ya kuandika sifa yoyote, kumbuka jambo moja ambalo mtu huyo alilifanya na wewe ukaliona kwa macho yako, au ukalisikia kwa mtu unayemwamini. Jambo hilo ndilo litakalokuonyesha neno lake. Mteja aliyegundua kuwa amezidishiwa chenji akarudi dukani kuirejesha ameonyesha uaminifu. Mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa aliyemnyima ndugu yake mkopo kwa sababu zamu yake haijafika ameonyesha uadilifu, na uadilifu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hapo hapakuwa na fedha ya kurudisha, palikuwa na haki ya watu wengine ya kulinda. Jirani aliyesikia ugomvi wa mke na mume kupitia ukuta wa pamoja, asiutoe nje hata alipochokonolewa na wambea, ni mtu wa sitara. Kijana aliyenyanyuka kwenye daladala akampisha mama mjamzito ana adabu, na akifanya hivyo kabla ya kondakta kusema neno, watu wazima waliokaa humo watasema kwamba huyo amelelewa.

Ikiwa umekaa na kalamu na hakuna kitendo kinachokujia, usitafute neno kubwa la kuziba pengo hilo. Huenda humjui mtu huyo vya kutosha, na katika hali hiyo sentensi mbili za ukweli zina manufaa kuliko aya nzima ya mapambo.

Mwema si lazima awe mzuri

Kosa la kawaida kuliko yote ni kutumia *-zuri* mahali pa *-ema*. Katika mazungumzo watu husema "yule ni mtu mzuri" na wote wakaelewa kwamba wanaizungumzia tabia, lakini katika maandishi neno hilo linabeba sura pia. Mke mzuri ni mke anayependeza; mke mwema ni yule ambaye mumewe na mawifi zake wote wanamsifu, awe anapendeza au la. Barua ya kazi inayosema "ni kijana mzuri" inamwacha msomaji akijiuliza ni uzuri upi unaokusudiwa, ilhali "ni kijana mwenye tabia njema" haina shaka yoyote. Nomino zake zimetengana vilevile, kwa maana *uzuri* ni wa kuonekana na *wema* ni wa kutendwa. Mtu humtendea mwenzake wema, kama tunavyoambiwa tutende wema twende zetu, lakini hakuna anayemtendea mwenzake uzuri.

Upatanisho wa kisarufi wa *-ema* unawasumbua wengi, kwa sababu mzizi wake unaanza na irabu na hivyo viambishi hujibadilisha. Tunaandika tabia njema na sifa njema, mwenendo mwema, tendo jema na matendo mema, kitendo chema na vitendo vyema. "Mwenendo njema" na "tabia mwema" ni makosa ambayo hata nyaraka za ofisi huyabeba. Kwa wingi wa mwenendo, sarufi inadai "mienendo myema", ambayo ni sahihi lakini haizoeleki masikioni, na ndiyo maana waandishi wengi huikwepa wakaandika "mienendo mizuri". Hapo sioni ubaya, kwa kuwa mwenendo hauna sura ya kuchanganyikiwa nayo. Jingine la sarufi ni kwamba baadhi ya vivumishi vilivyotoka Kiarabu havichukui kiambishi. Husemwa watoto hodari na watoto nadhifu, wala si "wahodari" au "wanadhifu". Neno *karimu* linaruhusu njia zote mbili: watu karimu kama kivumishi, au wakarimu kama nomino.

Adabu hupanda, haishuki

Hapa ndipo wageni wa lugha, na hata wenyeji waliokulia mijini, hujikwaa zaidi. *Adabu* ni sifa ya mdogo mbele ya mkubwa. Mtoto ana adabu kwa wazazi, mwanafunzi kwa mwalimu, kijana kwa wazee wa mtaa. Ukisimama kwenye kikao cha ukoo ukasema kwamba mzee fulani ana adabu, watu watatazamana, kwa sababu umemshusha ukamweka safu moja na wajukuu zake. Mzee husifiwa kwa busara, kwa hekima, kwa staha, au kwa kuwa na heshima zake. Neno *mtiifu* lina mwelekeo huohuo wa kupanda, na kwa mtu mzima linafaa pale tu ambapo pana ngazi inayotambulika, kama jeshini, au katika kauli ya mtiifu wa sheria.

Adabu ina upande wake mkali pia. "Shika adabu yako" ni karipio, na "nitakutia adabu" ni tishio la adhabu. Kwa hiyo unapotaka kusema kwamba binti fulani amefundishwa mwenendo bora nyumbani, "ametiwa adabu" haitafaa hata kidogo, kwa kuwa msikilizaji ataona bakora. Sema amelelewa vyema, au amefunzwa akafunzika. Na kwa binti aliyepita mikononi mwa kungwi, watu husema amefundwa.

Ushahidi wa adabu ambao watu huutaja zaidi ya wote, hasa Tanzania na pwani ya Kenya, ni salamu. Mama mmoja akimwambia mwenzake, "Mtoto yule anaamkia watu," amekwisha kumsifu, na hakuna haja ya kuongeza kitu. Shikamoo inayotolewa kwa mtu mzima asiye ndugu, kwa sauti inayosikika na si ya kunong'ona huku mtoto akipita mbio, huhesabiwa kuwa ni kazi ya malezi, na sifa yake huwaendea wazazi kabla ya kumfikia mtoto mwenyewe. Katika maandishi rasmi kauli hiyo ni ya kinyumbani mno, lakini katika wasifu au hotuba ya harusi ina nguvu kuliko "mwenye nidhamu ya hali ya juu".

*Heshima* yenyewe inahitaji uangalifu kwa sababu inatazama pande mbili. "Ana heshima" maana yake anawaheshimu wengine, na husemwa zaidi kwa kijana. Ongeza neno moja, "ana heshima zake", na maana inageuka: sasa ni mtu anayejiheshimu na anayestahili kuheshimiwa, asiyeonekana mahali pasipomfaa. "Anaheshimika" ni habari ya watu wengine wanavyomchukulia, na mtu anaweza kuheshimika kwa mali au cheo bila ya kuwa na heshima hata chembe. *Mheshimiwa* limekwisha kuwa cheo cha wabunge, madiwani na mahakimu, kwa hiyo halituambii lolote kuhusu tabia.

Pembeni ya heshima wako *staha* na *haya*, ambayo ni maneno ya kujizuia. Mwenye staha hapayuki hata akikasirika, na mavazi na maneno yake yana kipimo. Haya ni ile hali inayomfanya mtu ajizuie kufanya jambo kabla hajakatazwa. Watu wengine huichanganya haya na aibu, lakini aibu humjia mtu baada ya tendo au mbele ya macho ya watu, na mtoto anayejificha nyuma ya mama yake mgeni anapoingia ana aibu tu. Kusema mtu hana haya ni tusi zito, na kusema ana haya ni sifa kubwa, hasa pwani. Lipo pia neno *murua*, ambalo asili yake ni mwenendo bora na utu uzima wa kitabia. Siku hizi watangazaji wa mpira wamelichukua, wakatupa "pasi murua" na "bao murua", na sidhani kama litarudi kirahisi kwenye kazi yake ya zamani. Ukilitumia kwa maana ya tabia, andika "mtu mwenye murua" ili msomaji asidhani unamzungumzia mshambuliaji.

Uungwana, ustaarabu na utu

Maneno haya matatu ndiyo mazito kuliko yote katika orodha, na hayalingani. *Muungwana* katika miji ya pwani kama Lamu, Mombasa na Unguja alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na watu huru, kinyume cha mtumwa. Uungwana ulikuwa nasaba kabla ya kuwa tabia. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipofika Manyema, watu wa pwani na wafuasi wao waliojiita waungwana walikwenda na lugha yao, na hiyo ndiyo sababu Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikapata kuitwa Kingwana. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, na neno lililobaki bila mpinzani wake likazidi kuegemea kwenye mwenendo. Leo tunasema muungwana ni vitendo, yaani mtu hathibitishi uungwana kwa kutaja babu zake.

Sifa mahususi ya uungwana, inayoutofautisha na upole au wema wa jumla, huonekana mtu anapokosewa au anapofikwa na fedheha. Methali inasema muungwana akivuliwa nguo huchutama: hapigani akiwa uchi mbele ya kadamnasi, hujisitiri kwanza. Muungwana akishindwa uchaguzi wa ushirika humpa mkono mshindi. Akikosea hukiri na kuomba radhi. Akitoa ahadi huiona ni deni. Kwa hiyo litumie neno hili unapokuwa na kisa cha namna hiyo. Mtu ambaye hajapata kujaribiwa mwite mwema au mstahifu, na uungwana wake uuache mpaka uonekane.

*Ustaarabu* una mzizi mmoja na neno Arabu, na ulipata nguvu katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa makao ya utawala wa Kisultani wenye asili ya Oman. Wapo waandishi wanaolikwepa neno hili wakiona kwamba linaifanya jamii moja kuwa kipimo cha nyingine, na hoja yao ina uzito unapoandika kuhusu historia ya watu au tamaduni, ambako "jamii zisizostaarabika" ni kauli ya kuachwa. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, neno limepunguza mzigo huo. "Tuongee kistaarabu" maana yake tusipige kelele, na mpangaji mstaarabu ni yule anayelipa kodi kwa wakati, hapigi muziki usiku wa manane, na zamu yake ya kufagia uwanja ikifika hafagiliwi na mwingine. Ni sifa ya kuishi na watu kwa utaratibu, na inaweza kuwa ya nje tu. Mtu anaweza kuwa mstaarabu sana na asiwe na huruma.

Huruma hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye *utu*. Katika sheria, utu ni kitu ambacho kila mtu anacho: Ibara ya 12 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Mitaani, utu ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa, na "yule hana utu" ni hukumu ambayo haina rufaa. Mtu wa utu ni yule anayekusaidia ilhali hukupata kumsaidia na wala hatarajii umlipe. Ni kama daktari aliyemtibu kwanza mgonjwa asiye na fedha, kisha ndipo ikaulizwa habari ya malipo. Ukiandika kwamba mtu fulani ni mtu wa utu umetoa sifa ya juu kabisa, kwa hiyo usiitoe kila Ijumaa. Usichanganye pia utu na *ubinadamu*, kwa kuwa neno hilo la pili hutumika hata kusamehe udhaifu: mtu amesahau ahadi, nasi twasema ni ubinadamu tu.

Upole na jirani zake

*Mpole* ni neno linalotolewa haraka mno, na mara nyingi hutolewa kwa mtu ambaye kwa kweli ni mkimya tu. Ukimya ni uchache wa maneno. Utulivu ni kutobabaika. Upole ni kuwatendea wengine kwa ulaini hata pale unapokuwa na uwezo wa kuwafanyia ukali. Ndiyo maana upole wa mwenye nguvu unasifika zaidi kuliko wa mnyonge. Katika barua ya kazi neno hili linaweza hata kumharibia mtu: meneja anayetafuta msimamizi wa ghala au mkuu wa walinzi akisoma "mpole sana" ataingiwa na wasiwasi. Andika "mtulivu" ikiwa hilo ndilo unalolikusudia, au "msikivu" ikiwa unataka kusema kwamba anaelekezeka na anasikiliza kabla ya kujibu.

*Msikivu* ni mojawapo ya maneno machache yanayofaa ngazi zote. Mtoto msikivu anafuata maelekezo, na kiongozi msikivu anapokea maoni ya walio chini yake. *Mnyenyekevu* nalo linaonekana la kufaa wote, lakini lina thamani zaidi kwa mwenye cheo, kwa sababu unyenyekevu wa mtu wa chini mbele ya bosi unaweza kusomwa kama kujipendekeza. Katika ofisi na shule za Tanzania kuna kauli ya "nidhamu ya woga", inayowalenga wale wanaonyooka bosi anapopita na kulegea akishatoka, na ni vyema mwandishi wa sifa akaikumbuka kila anapotaka kuandika "ana nidhamu". Ikiwa unajua kwamba kazi iliendelea vilevile wewe ulipokuwa safarini, sema hivyo.

Uvumilivu na subira hukaa karibu, ila mwenye *subira* anangoja na *mvumilivu* anabeba. Mhudumu wa mapokezi anahitaji subira, na muuguzi wa zamu ya usiku anahitaji uvumilivu. *Mchangamfu* ni mwenye bashasha, anayemfanya mgeni ajisikie yuko kwao. *Mcheshi* ni mwenye kuchekesha, na si kila ofisi inamtafuta.

Uaminifu na uadilifu

Kwa kuwa maneno haya huandikwa pamoja karibu kila mara, watu wameacha kuyatenganisha. Mwaminifu ni yule unayeweza kumkabidhi kitu, iwe fedha, siri au ufunguo, ukakikuta kama ulivyokiacha. Mwadilifu hutenda haki hata inapomuumiza yeye au watu wake, na kwa hiyo neno hili linawafaa zaidi wenye mamlaka ya kugawa na kuamua. Kenya imeweka uongozi na uadilifu katika Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010, na Tanzania ina Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Wanachama wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, waliahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba hawatatumia cheo chao wala cha mtu mwingine kwa faida yao. Sijaona maelezo ya uadilifu yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo. Kumsifu mfagizi kwamba ni mwadilifu si kosa, lakini ukisema mwaminifu utakuwa umemweleza vizuri zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye funguo za vyumba vyote.

Kusifu kwa kukanusha

Mswahili anapomsifu mtu kwa moyo wote, mara nyingi hataji alicho nacho, hutaja asicho nacho. *Hana makuu. Hana maringo. Hana choyo. Hana kinyongo. Hana hiyana. Hana ubaguzi. Hana neno na mtu.* Kauli hizi zina joto ambalo nomino za dhahania hazina, na mtu asiyezijua ataandika sifa zinazosomeka kama fomu.

Kila moja ina sharti lake. "Hana makuu" humfaa mtu ambaye angeweza kuwa nayo: mkurugenzi anayekaa mkekani na watu wengine msibani, akala kwenye sinia moja na dereva wake. Kumwambia kijana asiye na kazi kwamba hana makuu ni karibu na dhihaka. "Hana kinyongo" inadai kwamba aliwahi kukosewa. "Hana hiyana" ni ya mtu anayetoa msaada akiombwa bila visingizio, na ni tofauti kidogo na "hana choyo", inayohusu zaidi kugawana alichonacho. Kinyume cha choyo ni mkono mkunjufu, na mchoyo mwenyewe huitwa mkono wa birika. Lakini jihadhari na "mkono mrefu", ambayo haina uhusiano wowote na ukarimu, kwa kuwa ni ya mdokozi.

Katika barua rasmi mtindo huu ugeuze. Sentensi kama "hajawahi kuiba" au "halewi kazini" inamfanya msomaji ajiulize kwa nini umelitaja jambo hilo. Weka sifa chanya mahali pake: mwaminifu, makini, hufika kazini kwa wakati. "Hana makuu" ikageuka "ni mnyenyekevu" au, vizuri zaidi, "hushirikiana na wafanyakazi wa ngazi zote". Sifa za dini nazo, kama mcha Mungu, mtu wa swala au mtu aliyeokoka, zina nguvu kubwa kwenye posa na kwenye wasifu wa marehemu, lakini hazina kazi katika barua inayokwenda kwa mwajiri asiyeuliza habari hizo.

Kuliingiza neno katika sentensi

Umbo la sentensi nalo lina maana yake. "Ni mkarimu" inaeleza hulka ya mtu, "alikuwa mkarimu kwetu" inaeleza mara moja au kipindi kimoja, na "hukaribisha wageni" inaonyesha mazoea bila kutaja sifa yenyewe, na mara nyingi hii ya tatu ndiyo inayoshawishi. Tumia *sana* kwa kiasi, kwa sababu sifa tano zenye "sana" tano huondoana nguvu. Epuka *mno* kabisa katika sifa, kwa vile wasomaji wengi huisoma kama kuzidi kipimo, na "mpole mno" huonekana kuwa lawama iliyofunikwa. Neno dogo kuliko yote, *tu*, ndilo la kuogopwa zaidi: "ni mtu mwema" ni sifa, na "ni mtu mwema tu" ni kauli ya mtu anayeficha jambo.

Chukua sentensi ambayo huonekana katika barua nyingi za utambulisho: "Ninamfahamu kuwa ni mtu mzuri, mpole, mwaminifu, mchapakazi na mwenye heshima kwa watu wote." Maneno yote matano yamo, na mtu hayumo. Sasa iandike hivi: "Katika muda wote aliokuwa mtunza ghala wetu, hesabu za mwisho wa mwezi zilikuwa zikilingana na bidhaa zilizopo, na pale zilipopishana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutujulisha. Wateja waliokuja na malalamiko aliwasikiliza kwa subira mpaka mwisho, bila kuwakatiza." Sifa iliyotajwa kwa jina ni moja tu, subira, lakini uaminifu unaonekana bila kutajwa, na mwajiri anayepiga simu kuuliza atapata jambo la kuulizia.

Kwa walimu nafasi ni finyu zaidi. Taarifa za shule nyingi za Tanzania huwa na sehemu ya tabia na mwenendo inayopimwa kwa herufi: heshima, utii, usafi, uaminifu, ushirikiano na kadhalika, kisha mstari mmoja wa maoni. Mstari huo usiupoteze kwa kurudia herufi zilizokwisha andikwa. "Huwasaidia wenzake katika hisabati bila kuombwa" inamweleza mzazi jambo ambalo A ya ushirikiano haiwezi kumweleza.

Posa ina kanuni zake. Anayeuliza hatarajii hotuba, na anasikiliza kusita kwako kuliko maneno yako. Ukisema "kijana mwema, ila", hata ukimalizia na jambo dogo kama kupenda mpira, familia itaondoka na ile "ila". Ikiwa unamjua kwa wema, sema sifa moja na kisa chake, unyamaze. Ikiwa humjui vya kutosha, kauli iliyozoeleka ni "sijasikia baya lake", ambayo ni ya kiungwana kwa pande zote mbili, kwa kuwa haimdhamini wala haimchafui, na wenye kuuliza wataelewa kwamba waende nyumba inayofuata.

Wasifu wa marehemu huandikwa kwa haraka na kwa huzuni, na ndiyo maana wengi hufanana: alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mpenda maendeleo. Chagua sifa mbili tu, na usizitoe kichwani mwako peke yako. Mwulize mtu mmoja aliyefanya naye kazi na mmoja aliyeishi naye jirani, kila mmoja kwa wakati wake, wamkumbuke kwa jambo gani. Wakitaja tabia ileile bila kusikilizana, anza na hiyo, na kisa alichokisimulia mmojawapo kiandike kama alivyokisema.